Ram imeandikwa 3200, kompyuta inasoma 2400: umepigwa?

Swali: "Mkuu habari. Nina Dell OptiPlex 7050 ile ndogo ya kulaza, prosesa i5-7500, niliinunua used. Ilikuja na ram moja ya 8GB. Naedit video na kufanya design, ikawa inaganda sana nikaambiwa niongeze ram. Nimenunua mbili za 8GB DDR4 zimeandikwa 3200, muuzaji akasema ndo zenye spidi kali. Nimechomeka, Windows inasoma 16GB vizuri ila kwenye Task Manager spidi inaandika 2400. Nikirudisha na ile ya zamani zikawa tatu inashuka mpaka 2133. Je nimepigwa? Mmoja ananiambia niweke i7-7700 ndo itasoma 3200, mwingine anasema nibadili mazabodi, mwingine anasema nirudishe hizi nichukue zile za gemu zenye bati juu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela nyingine."

Jibu:

Salama mkuu. Hujapigwa. Kwa maelezo yako ram ni nzima na kompyuta inafanya kile ilichotengenezwa kufanya, kwahiyo kabla sijaenda mbali nakuomba, i7-7700 usinunue, mazabodi usinunue, na hizo ram usizirudishe. Hao watatu waliokushauri kila mmoja ameshika kipande cha ukweli ila kipande chenyewe hakiihusu mashine uliyonayo, na inaniuma kuona mtu anatoa hela yake ya jasho kwa ushauri wa namna hii wakati jibu liko kwenye ukurasa mmoja wa maelezo ya prosesa ambao yeyote mwenye bando anaufungua bure.

Tuanze na hiyo 3200. Hiyo namba ni kiwango cha juu ambacho ram yenyewe inakiweza, imepimwa kiwandani ikakifika. Haina maana kwamba kila kompyuta utakayoichomeka itaikimbiza hapo, ni kama basi la mkoani lenye spidi gavana, dashibodi inaweza kuandikwa 180 ila likifika kikomo chake dereva akanyage vipi halisogei. Kwenye kompyuta wanaoamua ni watatu, ram yenyewe, prosesa, na mazabodi pamoja na BIOS yake (ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta), na kati ya hao watatu anayeshinda kwa kawaida ni mwenye namba ndogo. Wewe ram inasema 3200, prosesa inasema 2400, mazabodi inasema mimi sizidishi kile alichosema prosesa. Basi inakuwa 2400, na ulivyoongeza ile ya zamani ambayo yenyewe mwisho wake 2133 zote tatu zikashuka kuifuata, maana ram zote zinakimbizwa na saa moja, haziwezi kwenda kila moja na mwendo wake.

Watu wengi hawaelewi prosesa inaingiaje kwenye mambo ya ram, na ni kweli zamani ilikuwa haiingii. Enzi za Pentium 4 na Core 2 Duo ile sehemu inayoongea na ram, yani kontrola ya memori, ilikuwa kwenye chipu kubwa ya mazabodi iliyokaa karibu na prosesa, ndo maana mafundi wa zamani mpaka leo ukiwauliza ram gani inaingia wanaangalia mazabodi tu basi. AMD wakaihamishia ndani ya prosesa mwaka 2003 na Opteron na Athlon 64, Intel wakafanya hivyo hivyo mwishoni mwa 2008 na Core i7 za kwanza kabisa. Tangu hapo nyaya za ram zinatoka kwenye sloti zinaingia moja kwa moja kwenye prosesa, na kila prosesa Intel na AMD wanaitangazia mwisho wake wa spidi.

Sasa mwisho wa yako ni huu. i5-7500 ni kizazi cha 7, Intel wameandika DDR4 2133 na 2400, basi. i7-7700 nayo ni kizazi hicho hicho cha 7, mwisho wake ni 2400 ile ile! Ungetoa hela, ukaiweka, ukafungua Task Manager ukakuta 2400 imekaa pale pale. Ungepata faida nyingine maana i7 ina nyuzi 8 (njia za kushika kazi kwa wakati mmoja) dhidi ya 4 za i5, kwenye kurenda video utaiona kabisa, lakini kama lengo ni kuisukuma ram ifike 3200 hapo hakuna kitu. Na aliyetangulia, i5-6500 wa kizazi cha 6, yeye mwisho 2133. i5-8400 na i5-8500 wanafika 2666, ila i3-8100 wa kizazi hicho hicho cha 8 anaishia 2400, kwahiyo usiangalie kizazi peke yake, angalia modeli. Kizazi cha 10 i5-10400 bado 2666 wakati i7-10700 anafika 2933. i5-11400 ndo kafika 3200, na i5-12400 anakula DDR4 3200 au DDR5 4800 kutegemea mazabodi uliyomweka. Kama una mashine za DDR3, hizi za kizazi cha 3 na cha 4 ambazo zimejaa maofisini, i5-3470 na i7-4790, zote mwisho wao ni 1600, mtu akikuuzia DDR3 ya 1866 kwa bei ya juu kwa ajili ya mashine hiyo muulize ya nini.

Na tafadhali usije ukadanganywa ukanunua i5-8500 uichomeke kwenye hiyo 7050 kwa sababu soketi ni LGA1151 na inaonekana inaingia. Inaingia kweli, ila haiwaki. Intel walibadilisha mpangilio wa pini ndani yake, prosesa za kizazi cha 8 zinataka chipseti (ile chipu kuu ya mazabodi) za mfululizo wa 300, yako ni Q270.

Hapo kwenye chipseti ndo anapokuja huyu wa pili aliyekwambia ubadili mazabodi. Hakutunga. Kwa Intel za miaka hiyo chipseti za Z tu, kwa kizazi chako Z270, ndo ziliruhusiwa kupeleka ram juu ya kile prosesa inachotangaza. B250, H270, Q270 zimefungwa, hata BIOS ingekuwa na menyu nzuri kiasi gani huwezi kuvuka 2400. Kwahiyo i5-7500 yako hiyo hiyo ukiiweka kwenye mazabodi ya Z270 kuna uwezekano mkubwa ram ikaenda 3200. Lakini fikiria unachokiingia: kasha la OptiPlex halipokei mazabodi ya kawaida, umbo lake ni la Dell wenyewe, plagi ya pawa saplai siyo ile ya pini 24 iliyozoeleka, utanunua kasha, utanunua pawa saplai, utanunua mazabodi ya Z270 ambayo kwanza uipate, yote hayo kwa ajili ya prosesa ya mwaka 2017. Hela hiyo ukiongeza kidogo unahamia kizazi kingine kabisa. (Intel walikuja kulegeza, kuanzia mfululizo wa 500 B560 na H570 nazo zinaruhusu kupandisha ram, H510 hairuhusu. Upande wa AMD wao B350 na B450 waliziachia toka mwanzo, na ni jambo ambalo mi nawasifia mpaka leo.)

Sasa huyu wa tatu, wa ram za gemu zenye bati. Huyu ndo ushauri wake ningeuogopa kuliko wote, kwa sababu kwenye mashine yako ungetoa hela zaidi ukapata spidi ndogo zaidi. Kaa vizuri hapa maana ndo pana mambo.

Ukiishika ram mkononi, katikati yake, mbali na zile chipu kubwa nyeusi, kuna kachipu kadogo sana ka miguu minane. Kanaitwa SPD. Kwenye DDR4 kanabeba baiti 512 tu, na humo kiwanda kimeandika ram hii ni ya ukubwa gani, imetengenezwa na nani, na inaweza kukimbia spidi gani kwa muda gani wa kusubiri (yani inachelewa kiasi gani kabla ya kujibu). Ukibonyeza pawa, kabla hata logo ya Dell haijatokea, BIOS inakasoma hako kachipu, inaangalia prosesa inaruhusu ngapi, inachagua namba kubwa ambayo wote wanaiweza. Kwenye ram za kawaida kama hizo ulizonunua wewe, 3200 imeandikwa kama spidi rasmi inayofuata viwango vya JEDEC, shirika linalopanga viwango vya ram, volti 1.2, na BIOS ikiona prosesa mwisho wake 2400 inashuka yenyewe taratibu hadi 2400 na inapunguza na muda wa kusubiri kulingana. Safi kabisa, hakuna mtu kugusa kitu.

Ram nyingi za gemu haziko hivyo. Chukua Corsair Vengeance LPX ya 3200 yenye CL16 (CL ndo ule muda wa kusubiri), ile maarufu ambayo ukienda popote unaikuta. Corsair wenyewe kwenye maelezo yake wanaandika spidi iliyopimwa 3200 kwa volti 1.35, alafu chini wanaandika spidi ya SPD 2133. Yani ile 3200 imewekwa kwenye sehemu ya pembeni inayoitwa XMP ambayo lazima uingie BIOS uiwashe kwa mkono, usipoiwasha ram inawaka na 2133. Kompyuta za ofisi kama OptiPlex hazina hiyo menyu ya XMP. Kwahiyo ungezirudisha hizo zako zinazosoma 2400, ukaongeza hela, ukaletewa zenye bati zuri jekundu, ukachomeka ukapata 2133. Na hapo ndo ungeamini kweli umepigwa. Siyo ram zote za gemu ziko hivi, zipo ambazo spidi ya juu iko kwenye SPD moja kwa moja, ila muuzaji wa kawaida hatakutenganishia, soma maelezo ya modeli yenyewe mtandaoni kabla hujatoa hela.

Kuna wengine mnaosoma hapa mna mashine mlizojenga wenyewe, mmenunua ram ya 3600 mkachomeka mkakaa mwaka mzima inakimbia 2133 au 2666 bila kujua. Ingia BIOS leo, tafuta XMP, kwenye mazabodi za ASUS za AMD imeandikwa DOCP, kwenye Ryzen (prosesa za AMD) mpya za DDR5 inaitwa EXPO, chagua profaili ya kwanza, sevu. Ikikataa kuwaka au ikiwa inazima yenyewe usiogope, shusha spidi hatua moja, maana XMP ni kuipeleka ram na prosesa juu ya kiwango rasmi na siyo kila prosesa inakubali, mbili za modeli moja zinaweza kutofautiana. Ukimaliza piga MemTest86, programu ya kupima ram, usiku mzima. Kosa hata moja likitokea usiseme kosa moja tu, ram yenye kosa inaharibu mafaili kimya kimya, na utakuja kugundua project ya mteja haifunguki.

Turudi kwako. Kuna kitu kingine kitakuja kukutisha ukishusha CPU-Z, ile programu ya kuangalia vifaa vya kompyuta, ngoja nikuwahi. Utafungua upande wa memori utakuta imeandika 1200 na siyo 2400, watu wengi hapo ndo wanaenda kugombana na muuzaji. Iko sawa. DDR inatuma data mara mbili kwa kila pigo la saa, saa ikipiga 1200 data zinapita 2400. CPU-Z inakuonyesha saa, Task Manager inakuonyesha data. Windows 11 za karibuni zimeanza kuandika MT/s (data milioni ngapi kwa sekunde) badala ya MHz kwa sababu hiyo hiyo. Na ukitaka kuhakiki kwamba ram zako ni 3200 kweli bila kufungua kasha, fungua PowerShell andika Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory alafu soma mistari miwili, Speed ni ile ambayo ram imejitangaza, ConfiguredClockSpeed ni ile inayokimbia sasa hivi. Ya kwanza ikisema 3200 na ya pili 2400 ujue ram ni yenyewe na breki ni ya prosesa. Kuna BIOS zinaandika namba moja kote kote, kwahiyo ikitokea hivyo usihukumu haraka, toa ram usome stika.

Stika nayo ina lugha yake na mtu anayenunua ram used lazima aijue. Kutakuwa na mstari kama 8GB 1Rx8 PC4-3200AA-UA2-11. PC4 ni DDR4. 3200AA ndo spidi, na zile herufi zinaenda na namba, 2133P, 2400T, 2666V, 2933Y, 3200AA. Herufi inayofuata baada ya kistari ndo ya kuangalia sana: U ni ram ya dekstopu ya kawaida, S ni ya laptopu, R ni ya sava. Hizi za R zinakuja nyingi kutoka kwenye sava zilizostaafishwa huko Ulaya na Dubai, bei yake inavutia, na mbaya zaidi pini ni 288 sawasawa na ya kwako, inaingia kwenye sloti inakaa vizuri kabisa, ila kompyuta haitawaka. Kontrola ya i5 haijui kuongea nayo. Ukiona R pale, au L, au kuna chipu ya ziada katikati ya ram inayofanana na zile nyingine ila imekaa peke yake, acha hata kama ni bei ya bure.

Na hiyo 1Rx8 usiiruke. 1R maana yake rank moja, yani seti moja ya chipu, x8 maana yake kila chipu inatoa biti 8, zinakuwa chipu nane. Kuna 8GB zingine zimeandikwa 1Rx16, utaziona zina chipu nne tu na nafasi kubwa ya wazi, ni nafuu kutengeneza kwahiyo bei yake ni ndogo. Zinafanya kazi, sizikatazi, ila kwa muundo wake chipu za x16 za DDR4 zina makundi mawili ya benki za ndani wakati za x8 zina manne, na prosesa inapata nafasi ndogo ya kupishanisha kazi, kwahiyo spidi ile ile ikiandikwa x8 na x16 bei ikilingana chukua x8. Kwa wenye DDR3, jihadharini na zile 8GB mpya za bei chee zilizoandikwa kwa AMD pekee, zimejengwa na chipu za x4 ambazo Intel za kawaida hazizisomi, unachomeka inapiga mlio tu.

Sasa nikuonyeshe kwa nini mi naona ulichofanya ni kizuri hata kama namba imekuudhi. Ram moja inapitisha baiti 8 kwa kila data, kwahiyo zidisha: 2400 mara 8 ni 19,200, ndo GB 19.2 kwa sekunde. Ram moja ya 3200 ingekuwa 25.6. Lakini wewe umechomeka mbili, na prosesa yako ina chaneli mbili, kila moja na njia yake, kwahiyo unapata mara mbili ya 19.2 ambayo ni 38.4. Yani mbili zako zinazokimbia 2400 zinamwacha mbali mtu mwenye moja ya 3200 kwenye mashine mpya. Kabla hujaongeza ulikuwa na moja ya 2133, hiyo ni GB 17 hivi kwa sekunde. Umeruka kutoka 17 mpaka 38 na bado unauliza kama umepigwa! Na kama mashine yako haina grafiksi kadi ya peke yake, ile HD 630 iliyo ndani ya prosesa inakula ram hiyo hiyo kama memori yake, ndo maana kwenye kuplay taimulaini na kuzungusha picha kubwa chaneli mbili zinaonekana kwa macho. Tofauti ya 2400 na 3200 kwa kazi kama yako na prosesa kama hiyo ni ndogo, tofauti ya ram moja na mbili ni kubwa, na tofauti ya 8GB na 16GB ukiwa unaedit ndo baba lao.

Ila chaneli mbili hazijiwashi kwa kuwa ram ni mbili tu, lazima kila moja iwe kwenye chaneli yake. 7050 ya kulaza ina sloti nne, namba zimechapwa kwenye bodi yenyewe pembeni ya sloti, angalia mwongozo wa Dell wa modeli hiyo unasema uanze na zipi alafu thibitisha kwa CPU-Z, sehemu ya Channel isome Dual au 2 x 64-bit. Ikisoma Single hamisha moja. Kwenye mazabodi za kununua peke yake zenye sloti nne mara nyingi ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukichomeka bonyeza mpaka usikie tak pande zote, ram iliyokaa nusu ndo chanzo cha skrini nyeusi nyingi ambazo watu wanasema ram haiendani.

Nawajibu haraka na wenye Ryzen maana najua mtauliza. Kwenu spidi ya ram ina uzito zaidi kuliko kwa Intel ya huyu ndugu, kwa sababu ndani ya prosesa kuna njia inayounganisha vipande, inaitwa Infinity Fabric, na kwenye Ryzen za DDR4 mwendo wake umefungwa na mwendo wa ram. Ryzen 1000 rasmi ni 2666, 2000 ni 2933, 3000 na 5000 ni 3200, lakini kwenye 3000 na 5000 ram ya 3600 ndo inakaa pazuri, njia na ram zinapiga saa moja ya 1800. Mkipanda mpaka 4000 na kuendelea mara nyingi njia inashindwa kufuata, inaanza kwenda kwa uwiano mwingine, na muda wa kusubiri unaongezeka, kwahiyo namba imepanda na kompyuta imepungua mwendo. Kwa Ryzen 7000 za DDR5 rasmi ni 5200 na wengi wanaweka 6000. Mkichomeka nne AMD wenyewe wanaahidi 3600 tu, kwahiyo kwa DDR5 nunueni mbili kubwa, msinunue nne ndogo. Na siku ya kwanza mkiwasha skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa, inajifunza ram, msizime pawa.

Mkuu nikumalizie na ile ya tatu ya zamani, maana hapo ndo una uamuzi wa kweli. Ukiiacha nje una 16GB za 2400, ukiirudisha una 24GB za 2133. Unapoteza asilimia 11 ya spidi unaongeza nusu nzima ya ujazo. Pia mpangilio utakuwa 16 upande mmoja na 8 upande wa pili, Intel wanaruhusu, 8 na 8 zitakwenda chaneli mbili na 8 itakayobaki itakwenda chaneli moja. Njia ya kuamua ni hii, weka zile mbili tu, fungua project yako nzito kuliko zote, fungua na kivinjari na kila unachofungua ukiwa kazini, alafu angalia Task Manager upande wa Memory. Ikikaa chini ya asilimia 80 ile ya zamani iweke kabatini. Ikigonga 90 na kuendelea na diski ikaanza kupiga 100 kila saa, irudishe bila kujiuliza, maana kompyuta inapokosa nafasi kwenye ram inahamishia vitu kwenye diski, na hata SSD nzuri ni ya polepole mno ukilinganisha na ram ya 2133. Kama bado una ile diski ya kuzunguka hela inayofuata iende kwenye SSD ya M.2 (ile nyembamba inayochomekwa kwenye bodi), sloti yake ipo humo humo kwenye hiyo 7050.

Na ikitokea 24 imekuwa ndo mahitaji yako ya kila siku, uza hiyo ya 2133, tafuta mbili zilizoandikwa PC4-2400T-U au za juu yake, za 8GB, x8, ujaze sloti zote nne upate 32GB za 2400 chaneli mbili. 3200 usiitafute tena kwa mashine hiyo, chukua yoyote kuanzia 2400 iliyo na bei nzuri. Hizo mbili zako za 3200 zitunze, siku ukihamia i5-12400 ya mazabodi ya DDR4 au Ryzen 5 5600 utazichomoa utaenda nazo, na huko zitasoma 3200 zenyewe bila kugusa BIOS.